Mashine Isiyozimwa

Mwaka jana nilikuwa nimesimama kwenye duka la fotokopi hapa Vwawa, nasubiri karatasi zangu, umeme ukakatika. Chini ya meza ya yule dada kikaanza kulia kile kisanduku cha kulinda kompyuta: tii, tii, tii. Sauti nyembamba, hata ya adabu. Kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimeinua mikono yote miwili na kuficha kichwa. Watu waliokuwa nyuma yangu wakacheka, mmoja akaniuliza kama nimeona nyoka. Nikacheka nao, maana utaanzia wapi kumweleza mtu usiyemjua. Ninyi nitawaeleza.

Tuliishi kijiji cha Ruanda, huku Mbozi, kwenye kahawa. Baba alikuwa na wake wawili na nyumba mbili zilizotazamana, na katikati uwanja wa udongo mwekundu uliojaa vichanja vya kuanikia kahawa. Nyumba kubwa ilikuwa ya mama yangu. Ile ndogo ilikuwa ya mama mdogo, mwanamke wa Kindali ambaye baba alimwoa kutoka Itumba, kule milimani Ileje. Mama mdogo alikuwa na mtoto mmoja tu, Faraja, tuliyepishana naye mwaka. Mimi nilikuwa na kaka zangu wakubwa walioshaondoka kwenda kutafuta maisha Tunduma, kwa hiyo Faraja ndiye aliyekuwa kila kitu changu. Tulilala kitanda kimoja katika nyumba ya mama, tukagombania blanketi moja, na baridi ya mwezi wa saba ilipopiga tulibanana mpaka asubuhi hujui mguu upi ni wa nani.

Baba hakuwa mlevi. Nalisema hili mapema msije mkamsingizia pombe. Alikuwa mtu wa kanisani, ila kwa sababu ya wake wawili alikaa benchi la nyuma na meza ya Bwana hakuikaribia. Maneno yake yalikuwa machache. Alipiga kama mtu anayefanya kazi yoyote ya shamba, bila haraka, na akimaliza ananawa mikono na kuuliza kama chakula kiko tayari.

Mwaka ambao kahawa ilituangalia vizuri alikwenda Tunduma akakaa huko mpaka mama akaanza kuulizia. Siku aliporudi alikuwa amekaa nyuma ya pikapu kama bibi harusi, amekumbatia kitu kipana kilichofungwa blanketi. Ilikuwa sola. Pamoja nayo aliteremsha betri kubwa ya gari, televisheni ya chogo, waya mviringo mzima, na sanduku la chuma la rangi ya bluu lililoitwa inveta, ambalo kazi yake ni kuuchukua moto wa betri na kuugeuza uwe wa aina ambayo televisheni inaikubali. Sisi tuliliita mashine tu. Fundi aliyekuja naye alipanda juu ya bati akafunga paneli, akashuka akafunga taa, kisha akavuta waya mmoja kutoka nyumba yetu, ukapita juu ya vichanja kwenye nguzo ya mti, ukaingia kwa mama mdogo kumpelekea taa moja na redio.

Nguzo za umeme wa serikali wakati huo tulikuwa tunaziona barabara kuu tu, tukienda Mlowo. Kijijini kwetu jua likizama ilikuwa kibatari. Kwa hiyo mtaelewa baba alivyovimba. Watu walianza kuita kwetu mjini. Mtu akitaka kuja kwetu anasema, "Ngoja nifike mjini mara moja," na baba akisikia anajifanya hakusikia, lakini anatembea tofauti.

Mashine aliiweka kwenye rafu iliyoelekea dirishani. Ilikuwa na kitaa kidogo cha kijani ambacho mtu akipita njiani anakiona, na ilikuwa inanguruma polepole kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Fundi aliondoka na mengi hakuyasema, au aliyasema baba hakuyasikia. Baba akatunga sheria yake mwenyewe: mashine haizimwi. Taa zizimwe, televisheni izimwe, lakini mashine iwake usiku na mchana. Mama alipouliza kwa nini iwake hata mchana wakati wote tuko shambani, baba alimjibu kwa swali.

"Umeona wapi dereva anazima gari kila kituo? Ukizimazima unaua injini."

Mama hakuwahi kuendesha gari, wala baba hakuwahi, hivyo mazungumzo yaliishia hapo.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu, nisiseme uongo. Watu walijaa kwenye mikeka kutazama taarifa ya habari kana kwamba wanatajwa humo. Mimi na Faraja tulisoma chini ya taa nyeupe tukijiona watoto wa mzungu. Faraja alikuwa anaogopa giza kuliko kitu chochote, na ile taa ilimtuliza hata akaacha kunishika nguo akilala.

Kisha jioni moja, katikati ya habari, mashine ikalia. Tii, tii, tii. Televisheni ikajikunja ikawa mstari mmoja, halafu giza. Baba akasubiri. Akaenda akaigonga mashine kwa kiganja. Halafu akasema maneno ambayo tungeyasikia mpaka yatutoke puani:

"Nani amekula moto wangu?"

Nataka mwelewe alivyofikiri, kwa sababu hakuwa mjinga. Alikuwa mkulima. Kwake moto wa betri ulikuwa kama mahindi ghalani. Umejaza ghala, umefunga mlango, jioni unakuta limepungua: mahindi hayaendi yenyewe, kuna mtu. Jua lilikuwa limewaka siku nzima juu ya ile paneli, alilishuhudia kwa macho yake akiwa shambani. Basi moto uliingia. Kama haumo, umekwenda mahali, na mahali hapo pana jina.

Jina la kwanza lilikuwa langu. Nilikuwa nimesahau taa ya chumbani ikiwaka mchana. Waya ule ulikuwa umebaki kipande, kimening'inizwa kwenye msumari nyuma ya mlango, cheusi, kizito kidogo kuliko kinavyoonekana. Alinipiga nacho miguuni mpaka nikakojoa. Mpaka leo kwenye shavu la mguu wa kushoto nina alama, na mume wangu alipoiuliza mara ya kwanza nilimwambia ni umeme, naye akadhani nilipigwa shoti.

Kuanzia hapo taa za mchana ziliogopwa kama moto wa nyikani. Haikusaidia. Mashine ililia tena, na tena, leo mapema, kesho imechelewa, siku ya ukungu mapema zaidi. Tukawa tunaishi kwa kuisikiliza. Jua likielekea kuzama mama anapunguza sauti, Faraja anakaa karibu na mlango, mimi nahesabu nilichogusa tangu asubuhi. Ikilia, baba anainuka kwenye kiti chake, na kile kipande cha waya kinashuka msumarini.

Jambo baya la kupigwa kwa kosa lisilojulikana ni kwamba mnaanza kulitafuta kosa kwa wenzenu. Mama alianza kuutazama ule waya uliovuka uwanja. Alikuwa ameukubali uke wenza kwa shingo upande, na sasa alipata pa kutolea kinyongo chake.

"Mimi nina watu wangu hapa nawaona," alisema siku moja akipepeta maharage, kwa sauti ya kufika ng'ambo. "Ya huko mwisho wa waya sijui."

Mama mdogo akatoka mlangoni. "Dada, mimi nina taa moja na redio. Redio yenyewe nasikiliza kwaya Jumapili."

"Nani amekuuliza?"

"Umesema nisikie. Nimesikia."

Wakashikana. Hawakuvutana nywele kama watu wanavyowasimulia wanawake. Walipigana kwa mchi na mwiko wa ugali, kimya, wakihema, na maharage yakakanyagwa udongoni. Mimi na Faraja tulisimama tumeshikana mikono huku mama zetu wanapasuana. Halafu mama akaingia ndani, akatoka na panga, nikafikiri sasa anaua mtu. Alikwenda kwenye waya, akaukata kwa dharuba moja. Cheche za bluu ziliruka, panga likamtoka mkononi, na ndani mashine ikapiga kelele ndefu isiyokatika. Baba alikuwa anatokea shambani. Siku hiyo mama alipoteza jino la mbele. Alilitema kwenye kiganja, akalitazama, akalitia kwenye fundo la kanga kama mtu anayetunza chenji.

Waya uliungwa tena. Baba hakutaka isemwe kwamba alishindwa kuwasha nyumba zake mbili.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Timu ya taifa ilikuwa inacheza alasiri, na baba alikuwa amewaalika wanaume wa kijiji kizima, hata wale asiosalimiana nao. Viti vilitoka kanisani. Asubuhi nzima ilikuwa ukungu, jua limechomoza likiwa limechoka. Ilikuwa katikati ya msimu, kahawa iko vichanjani inanuka ule utamu wake wa kuchacha, na mama mdogo alikuwa anaichambua upande wake. Kipindi cha kwanza kilipita salama. Kipindi cha pili kilipoanza tu, mashine ikalia. Picha ikajikunja. Chumba kizima cha wanaume kikabaki kinatazama kioo cheusi, kikijiona humo chenyewe.

Walikuwa watu wa heshima. Hakuna aliyecheka. Mmoja akakumbuka ng'ombe wake, mwingine akakumbuka mgonjwa, wakatoka mmoja mmoja wakimshukuru baba kwa ukarimu. Nje ya uzio ndipo tuliposikia kicheko, na mtu akasema, "Mjini umeme umekatika!" Baba naye alisikia.

Hakuchukua waya safari hii. Alivuka uwanja kwenda nyumba ndogo. Mimi na Faraja tulimfuata kwa mbali kwa sababu miguu ilikataa kubaki. Alianza kutoa vitu: masanduku, ndoo, godoro. Chini ya godoro kulikuwa na gauni la mama mdogo la Jumapili, limenyooka kama karatasi. Alikuwa na kawaida ya kulaza nguo zake pale, alalie, asubuhi ziwe zimenyooka. Kila mwanamke asiye na pasi alifanya hivyo. Lakini chini ya kitanda baba akavuta boksi, na ndani ya boksi mlikuwa na pasi ya umeme, mpya, bado iko kwenye nailoni yake. Kaka yake mama mdogo alikuwa amemletea kama zawadi, kwa kusikia tu kwamba dada yake sasa ana umeme. Masikini hakujua kwamba sola ile isingeiweza pasi hata kwa dakika moja. Mama mdogo alijua, au aliogopa, maana hakuwahi kuichomeka. Aliitunza kwa sababu ni ya kaka yake.

Baba aliishika kwa waya wake kama panya aliyenaswa.

"Rehema!" aliniita. "Njoo ushike hii."

Nilikwenda. Niliweka kiganja changu chote kwenye lile bati la chini. Lilikuwa la baridi, baridi ya kitu kilichokaa chini ya kitanda mwezi wa saba. Nakumbuka nilivyofurahi. Nilifikiri yamekwisha, nimemwokoa mama mdogo na Faraja kwa mkono wangu.

"Ni ya baridi, baba."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto asiyejua mambo.

"Imeshapoa," akasema.

Mama mdogo alikuwa amesimama kwenye kichanja na mikono yake imejaa kahawa. Alisema, "Baba Faraja, nisikilize," na hakumaliza. Baba alikuwa ameokota mpini wa jembe pale ukutani. Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili alilikinga kwa mkono, na nilisikia mfupa. Watu husema mfupa ukivunjika unalia kama kijiti, na mimi nawaambia haulii hivyo, unalia chini zaidi, kama mtu anayekanyaga bua la hindi bichi. Kichanja kikaanguka, kahawa ikamwagika juu yake, naye akawa anatambaa kwenye kahawa akitumia mkono mmoja, na baba anamfuata, bila haraka. Faraja alikuwa anapiga kelele bila kuvuta pumzi. Nilimziba macho kwa mikono yangu, akaning'ata, nikaendelea kumziba.

Aliyemzuia baba hakuwa mwanaume. Wale waliokuwa wanacheka nje ya uzio walibaki huko huko, wameshika vigingi. Alikuwa mama yangu. Alitoka nyumba kubwa mbio, yeye aliyekata waya, yeye aliyepigana kwa mchi, akamrukia baba mgongoni na kumng'ata mkono ulioshika mpini, akamng'ata kwa meno yaliyobaki, na hakuachia hata alipobamizwa ukutani. Damu ilimtiririka kidevuni, sijui ilikuwa ya nani. Mpini ulipodondoka alimtemea baba kila kilichokuwa mdomoni akasema, "Basi."

Mama mdogo alipelekwa zahanati kwenye baiskeli ya jirani. Walimfunga mbao na bandeji. Habari zilifika Itumba kabla ya uvimbe kupungua, maana habari mbaya zinapanda milima bila nauli.

Kaka zake walikuja na Haisi ya kukodi. Walikuwa wanaume wapole wa kimo kifupi, wamevaa makoti, wamebeba fimbo za kutembelea. Walisalimia vizuri. Walikataa viti. Mkubwa wao alisema, "Shemeji, tumekuja kumchukua mtu wetu. Lakini kwanza tuonyeshe huo moto alioula."

Baba akawaonyesha mashine. Mpaka leo sijui kwa nini alifanya hivyo. Labda alifikiri wakiona watamwelewa. Yule mkubwa aliitazama, akainama akaitazama tena, kisha akageuka akapiga televisheni kwa fimbo. Kioo kililipuka kwa kishindo kilichowatoa kuku wote uwanjani. Baba alipomvamia, wa pili akampiga kichwani kwa fimbo yake, na baba akaanguka chali mlangoni mwake, damu inamwingia machoni. Walimpiga akiwa chini. Walimpiga kwa zamu, wakimtaja dada yao kwa jina kila pigo. Na mimi, binti yake, nilisimama pale nikaona wanamwacha mapema mno.

Walipomaliza, yakabaki ya Faraja. Baba kutoka chini alimshika mguu. "Mtoto ni wangu. Ng'ombe nimetoa!" Mjomba mmoja akamshika mikono. Faraja alikuwa amening'inia katikati yao kama nguo inayokamuliwa, na alikuwa ananiita mimi, hakuwa anamwita mama yake. Nilimshika kiunoni. Sikujua ninamvuta upande gani. Nilichotaka ni abaki, na hapohapo nilitaka aondoke pale, na mambo hayo mawili hayana upande mmoja. Mama yangu ndiye aliyekuja akavifungua vidole vya baba kimoja kimoja, akavifungua na vya kwangu, akamsukuma Faraja ndani ya gari.

"Nenda na mama yako," alimwambia. "Nenda, mwanangu."

Nilikimbia nyuma ya ile Haisi mpaka vumbi likanizidi. Kitandani usiku ule blanketi lilikuwa langu peke yangu, nikalichukia.

Wiki ile ile, jioni, tulikuwa watatu mezani. Televisheni ilikuwa vipande. Nyumba ndogo ilikuwa tupu, taa yake imezimwa, redio imeondoka. Kwetu iliwaka taa moja tu juu ya chakula. Baba alikuwa amefungwa kitambaa kichwani, jicho moja halifunguki. Na mashine ikalia.

Tii, tii, tii.

Hakuna aliyesogea. Taa ikafifia, ikazimika, tukabaki na mwanga wa makaa ya jikoni. Nilisikia mama akiweka tonge chini taratibu.

"Leo ni nani, Baba Rehema?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeuliza kama aongeze mboga. "Tumebaki mimi na huyu. Chagua."

Baba alitoka nje, akakaa kwenye kichanja mpaka sisi tukalala.

Asubuhi jua lilipokwisha panda aliichomoa mashine, akaifunga kwenye kanga, akanipa niipakate nyuma ya baiskeli, tukaenda Mlowo. Ilikuwa bado ina joto tumboni mwangu, joto kama la kuku aliyetoka kuatamia. Nilishangaa, kwa sababu tangu jana hakukuwa na taa wala chochote kilichowashwa. Nilifikiri labda nayo ina homa.

Fundi wa Mlowo alikuwa kijana mwenye kibanda kando ya barabara, kimejaa redio zilizopasuliwa. Aliifungua mashine, akaipima, akasema ni nzima.

"Mzee, mkimaliza kuangalia mnaizima?"

"Haizimwi," baba akasema.

"Usiku je?"

"Nimesema haizimwi."

Kijana akacheka, bila ubaya. "Basi mwizi wako ndiyo hii. Hizi zinakula zenyewe, mzee, hata usipowasha kitu. Ukiiacha usiku na mchana, kapaneli kako hako kadogo kanailisha yenyewe tu. Ninyi mnabaki na makombo. Izime asubuhi, washa jioni, utaona."

Baba alirudia neno moja. "Yenyewe?"

"Yenyewe. Si unaona inavyopata joto? Kitu kikipata joto bila kazi, kinakula."

Njiani tukirudi, pale kwenye kilima, ambapo tulishuka kusukuma baiskeli, baba alisimama muda mrefu akiwa amenipa mgongo, mikono yake kwenye usukani. Aliponigeukia alisema, "Haina haja ya kumsumbua mama yako na mambo ya mafundi." Nikasema ndiyo, baba. Nilikuwa na miaka kumi na nilichokuwa ninakiwaza ni kama tutapita dukani.

Tangu siku hiyo mashine ilizimwa kila asubuhi, na aliyeizima ni baba mwenyewe, kabla mtu yeyote hajaamka. Haikulia tena. Kile kipande cha waya kilitoweka msumarini. Mama alidhani maombi yake yamejibiwa, akasimama kanisani akatoa ushuhuda, na baba kwenye benchi la nyuma akaitikia amina pamoja na wengine. Nilikuwa nimekaa kati ya watoto wa kwaya. Niliitikia nami.

Miaka ikapita, nguzo zikafika hadi Ruanda, sola ikawa ya kuchajia simu. Baba alizeeka, akawa mtu wa kupenda uji na wajukuu, watoto wangu wanampanda mgongoni. Nilimpenda, na kuna siku nilikuwa ninamlisha kijiko nikatamani kukirusha ukutani. Alipofariki, mama akanituma Itumba. Baba na mama mdogo hawakuwahi kuachanishwa kwa kikao cha ukoo, kwa hiyo alikuwa bado mkewe, na mke lazima aambiwe kwa mdomo.

Nilimkuta anamenya viazi mlangoni mwa kaka yake, kiazi amekibana kwapani upande wa mkono uliopinda, kisu mkono mwingine. Faraja alikuwa ameolewa Isongole, jirani tu, akaja jioni na watoto, tukalia mpaka watoto wakaogopa. Mama mdogo hakulia. Alipokea habari, akauliza aliugua nini, akauliza kama mama anakula. Halafu, tukiwa wawili, akaniuliza jambo lililomkaa miaka yote hiyo.

"Rehema, kilikuwa nini kilichokuwa kinakula ule moto? Maana mimi nilifika mahali nikajitilia shaka. Nikawa nasema labda ni kweli, labda ile redio."

Nikamweleza. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi, kibanda cha Mlowo, joto tumboni, kilima, maneno aliyoniambia. Kisu kilisimama.

"Kwa hiyo alijua."

"Alijua, mama."

"Lini?"

"Wiki ile ile mliyoondoka."

Ndipo akaniambia ambalo sikuwahi kulifikiria. Kwamba kaka zake walikuwa wamekubaliana: baba akija Itumba, hata bila ng'ombe wa fidia, akasema tu mbele yao kwamba dada yao hakuiba kitu, basi arudi kwa mumewe kama anataka. Na yeye alitaka. Alifunga begi lake na la Faraja, akaliweka nyuma ya mlango, na kila gari lililopanda kutoka bondeni alitoka kutazama nani anashuka. Faraja alikaa nje ya shule akisubiri kurudishwa kwenye dawati lake karibu na langu. Begi lilikaa hapo tangu kahawa ile ilipoanikwa mpaka iliyofuata ikachumwa.

Nilikuwa nimeishi nikiamini kwamba baba alitafuta mwizi hakumpata, na hasira yake ikafa kwa uchovu, tukapata amani. Kwenye lile jiwe la mlangoni Itumba ndipo nilipoelewa kwamba alimpata, na kwamba amani yetu ilikuwa ni yeye kunyamaza kila asubuhi, kidole kwenye swichi, huku mwanamke mwenye mkono mmoja mzima anatoka kutazama magari.

Mama mdogo alimalizia kiazi chake, akakitumbukiza kwenye maji.

"Basi aliona ni heri mimi nibaki mwizi," akasema, "kuliko yeye aonekane hakujua kuzima mashine."

Nikachukua kisu kingine, nikamsaidia kumenya.